Mkanda wa Kununua kwa Mashine ya Kusaga: Upi Utangulie

Kwa mwenye mashine ya kusaga mahindi au mihogo mikavu, iwe Igoma au Buhongwa jijini Mwanza, au ng'ambo kisiwani Ukerewe, mkanda unaopeleka nguvu ya mota au injini kwenye kinu ni kipuri kinachochaguliwa kwa haraka kuliko vyote, ilhali ukikatika wateja wamejaa, kazi yote husimama.

Nafasi ya kwanza nauweka mkanda wa V (mnene, wenye umbo la V ukitazamwa kwenye mkato wake) wa kawaida, uliofunikwa kitambaa pande zote. Mkanda huu hushika puli, yaani gurudumu lenye mfereji unamopita mkanda, kwa mbavu zake, na jiwe au msumari ukiingia kwenye nyundo za kinu, huteleza kidogo na kuinusuru shafti. Soma maandishi ya mgongoni: A ni upana wa milimita 13, B ni 17, C ni 22, na namba inayofuata kwa kawaida ni urefu wa ndani kwa inchi. Mkanda wa A ukitiwa kwenye puli ya B huzama mno, na ukishagusa chini ya mfereji hauna mshiko tena, hata ukazwe namna gani. Mashine inayotumia mikanda mitatu inunuliwe yote mitatu pamoja, ya chapa moja, kwa sababu mpya ukichanganywa na iliyokwisha kurefuka hubeba mzigo mkubwa kuliko wenzake na kuchakaa mapema.

Wa pili ni mkanda wa V wenye mikato upande wa ndani. Bei yake iko juu, lakini hupinda kwa urahisi na kupata joto kidogo, kwa hiyo ningeuchagua pale puli ya mota ilipo ndogo.

Mkanda bapa unafaa kwa injini za zamani za dizeli zilizo mbali na kinu. Hudai kukazwa sana, na beringi ndizo zinazoumia. Mkanda wa meno, unaoshikana na meno ya puli, sishauri kabisa kwa kinu cha nyundo, kwa kuwa hauwezi kuteleza kinu kikikwama.

Kabla ya kulipa, upinde mkanda kinyume na utazame nyufa, hasa ule ulioning'inizwa juani mbele ya duka. Kisha kagua puli zako: mfereji unaong'aa chini umekwisha, na utaumaliza mkanda wowote. Nyoosha puli mbili ziwe mstari mmoja kwa kutumia uzi, kaza mpaka mkanda ukibonyezwa katikati uzame takriban milimita 16 kwa kila mita ya nafasi kati ya puli, halafu ukaze tena baada ya siku ya kwanza ya kazi. Msagaji wa Ukerewe, ambaye kipuri chake husubiri kivuko, anunue seti ya akiba siku hiyohiyo na kuihifadhi kivulini, mbali na dizeli na oili.