Hundi ya benki iliyokataliwa na benki yenyewe, Moshi

Huduma ya hundi ya benki, tawi moja hapa Moshi mjini: nyota moja kati ya tano. Foleni yao ni fupi na vijana wana adabu, hilo siwanyimi.

Mwezi wa tatu niliuza mashine yangu ya kusaga ya pale Pasua kwa shilingi 7,400,000. Mnunuzi katokea Himo. Cheki yake binafsi niliikataa, maana akaunti ikiwa tupu inarudi. Nikataka hundi ya benki: hiyo benki inamkata mteja pesa kwanza, halafu inaandika kwa jina la benki yenyewe na maofisa wake wanasaini. Nilipoishika mkononi, muhuri wa zambarau bado unachafua kidole, ndipo nikaruhusu mashine ipakiwe kwenye Canter.

Kesho yake nikaenda dirishani. Binti akaangalia kompyuta, akaingia ndani, akarudi akaisukuma hundi chini ya kioo.

"Samahani mama, mteja ameomba isilipwe. Anasema mashine ina kasoro."

"Mwanangu, hela yake si mmeshaikata?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hii hundi ni yake au ni yenu?"

Akainama.

Hapo ndipo paliponiuma. Mashine ikiwa na kasoro, tudaiane mimi na yeye, hata mahakamani. Ingekuwa ya kughushi au ya wizi ningeelewa. Lakini hii waliiandika wenyewe, na pesa wanayo!

Nilikuwa nimetanguliza arbuni ya 500,000 kwa mahindi ya Kibaigwa. Niliwaandikia siku ileile kwamba wasipolipa mzigo utanipotea, nikabaki na nakala iliyogongwa "Imepokelewa". Mzigo ukauzwa kwa mwingine, na arbuni ikaenda nao.

Mpwa wangu anasoma sheria. Ananiambia Marekani, kwenye sheria yao ya biashara kifungu cha 3-411, benki ikikataa isivyo haki hundi ya namna hii inaweza kudaiwa gharama na riba, na hata hasara iliyofuata kama ilishaarifiwa. Kwa hiyo ile nakala naitunza pamoja na hati ya kiwanja.

Siku ya 19, nilipowaambia napanda basi kwenda tawi la Benki Kuu Arusha na barua zangu zote, wakalipa 7,400,000. Arbuni hawataki hata kuisikia. Barua yangu ya pili iko mezani kwa meneja tangu Jumatatu.