Tom Sawyer niliyeuziwa hana hata panya wake

Nimenunua kitabu cha Tom Sawyer, riwaya ya Mark Twain, kwa Kifaransa hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye duka moja la vitabu na madaftari mjini, kwa ajili ya binti yangu wa miaka 9. Jalada linavutia, mtoto amesimama na brashi mkononi. Nililipa dola 8 bila kubishana bei, kwa sababu kitabu hicho nilikisoma shuleni zamani na sijawahi kukisahau. Sasa nimejaa hasira, na sitanyamaza.

Jioni ile umeme ulikuwa umekatika, tukasoma kwa tochi ya simu. Mimi nasoma Kifaransa, namgeuzia kwa Kiswahili palepale. Yule tante Polly anayemlea Tom nikamwita mama mkubwa, maana ndivyo alivyo: ni dada ya marehemu mama yake Tom, si shangazi. Binti akamwelewa mara moja, mama mkubwa wa kushika fimbo huku moyo unamuuma. Jumamosi anampa Tom adhabu ya kupaka chokaa uzio wa mbao, urefu yadi 30, kimo futi 9.

“Ni salongo,” binti akasema.

Ndiyo, salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi tunayolazimishwa, tena ya mtu mmoja.

Anakuja Ben, mtoto mwenzake, anakula tofaa na kujifanya meli: yeye ndiye meli, yeye nahodha, yeye kengele za injini. Mtoto aliyezoea kusikia honi za meli za Goma ziwani Kivu hahitaji kuelezwa hapo. Tom hamjali. Anapaka, anarudi nyuma hatua moja, anatazama, anaongeza kidogo pale. Kisha anamuuliza kama ni kila siku mtoto anapata nafasi ya kupaka uzio chokaa. Basi Ben anaomba naye apake, Tom anakataa! Nikafunua ukurasa unaofuata nikiwa nimeshaanza kucheka peke yangu, maana nilijua kinachokuja.

Ukurasa ukasema watoto walimletea Tom vitu vingi, na uzio ukawa mweupe.

Vitu vingi. Basi, sura imekwisha. Nilidhani kurasa zimegandana, nikapitisha ukucha katikati. Hazikugandana.

Kwa asiyekijua kitabu hiki cha 1876: Mark Twain hakuandika “vitu vingi”. Anavitaja kimoja kimoja, kwa utulivu wa karani anayeorodhesha mali ya marehemu. Tiara nzima isiyochanika. Panya aliyekufa, pamoja na kamba ya kumzungushia. Gololi 12. Ufunguo usiofungua chochote. Mtoto wa paka mwenye jicho moja. Mkanda wa mbwa, mbwa mwenyewe hayupo. Vipande vinne vya ganda la chungwa. Kicheko chote kiko kwenye ile kamba! Panya aliyekufa peke yake ni uchafu wa kutupwa. Ukimtoa pamoja na kamba yake, ni mali ya mtu, mali iliyotunzwa, na kuna mtoto ameuachia utajiri huo ili aruhusiwe kufanya kazi ya mwenzake. Mwandishi anaupa utajiri wa watoto heshima ileile wanayoupa wao, na hapo ndipo unapocheka mpaka mbavu ziume.

Tena wameharibu na mbele. Mali ile ndiyo Tom anayoibadilisha na wenzake kwa tiketi za ekodimu, yaani shule ya Jumapili ya kanisani. Tiketi moja ya buluu ni mistari 2 ya Biblia kichwani. Kwa hesabu yao zawadi ya Biblia inadai mistari 2,000. Tom anajitokeza mbele ya jaji aliyekuja mgeni na tiketi zimetimia, anaulizwa wanafunzi wawili wa kwanza wa Yesu ni nani, anajibu: Daudi na Goliati. Kwenye nakala hii jibu lipo, lakini tiketi zimetoka wapi? Binti aliniuliza hilohilo. Nilikosa la kumwambia.

Nikarudi dukani. Kumbe ndani, nyuma ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi ndogo kama sisimizi, wameandika kwamba kimefupishwa. Kwenye jalada, hakuna. Muuzaji hakuinua macho kwenye simu yake.

“Baba, watoto wa leo wanachoka haraka. Si uzio ulipakwa mwishoni?”

Sentensi hiyo inanichoma hadi leo. Uzio ulipakwa! Ni sawa na mtu akupe sombe, mboga ya majani ya muhogo, ya maji matupu halafu akuulize kama hukushiba.

Niseme haki lakini. Paka wa mama mkubwa, Peter, wamemwacha mzima: dawa ambayo mama mkubwa anamlazimisha Tom kunywa, Tom anampa paka, paka anaruka juu chini na kutokea dirishani na vyungu vya maua. Akiulizwa kwa nini, Tom anasema alimhurumia, kwa sababu paka hana mama mkubwa. Binti yangu alicheka mpaka akaanguka kitandani. Usiku ule nilikisamehe kitabu, nikasema kwa mtoto anayeanza kusoma kinafaa, mnunulieni tu.

Kesho yake jioni akaniuliza: “Papa, vile vitu vingi vilikuwa nini?”

Hapana. Nafuta niliyosema. Msikinunue. Tafuteni kilichotimia, hata cha mtumba, hata jalada limetoka, na mfungue sura ya pili mkiwa bado dukani kabla ya kutoa pesa.

Nilimtajia nilivyovikumbuka. Alipofika kwenye panya alinisimamisha, akachukua penseli, akaandika pembeni mwa ukurasa kwa mwandiko wake wa kupinda: panya, na kamba yake. Kisha akaniambia niendelee.