Zolpidem: Kidonge Kizuri kwa Wiki Mbili, Kibaya kwa Miaka Miwili

Zolpidem ni miongoni mwa dawa za usingizi zinazoandikwa zaidi duniani kwa cheti cha daktari. Iliingia Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1992, na leo viwanda vingi vinaitengeneza: wengine wanaifahamu kama Stilnox, wengine Ambien, wengine kwa jina lake lenyewe. Vidonge vya kawaida ni vya miligramu 5 na 10. Hapa tunaipima kwa maswali mawili: inafanya nini usiku unapoimeza, na inafanya nini usiku unapoiacha. Swali la pili ndilo lenye uzito, na wengi huliuliza wakiwa wameshachelewa.

Swali la kwanza lina jibu la kuridhisha. Dawa hufikia kilele chake katika damu baada ya saa moja na nusu hivi, kisha mwili huondoa nusu yake kila baada ya saa mbili na nusu kwa wastani. Kazi yake ni kuipa nguvu GABA, kemikali ambayo ubongo hujitulizia. Ichukulie GABA kuwa mguu kwenye breki: zolpidem haikanyagi breki yenyewe, ila inaifanya ishike zaidi kila inapokanyagwa. Ndiyo maana wengi husinzia ndani ya nusu saa. Lakini sifa zake zimezidi ukubwa wake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la BMJ, uliojumlisha majaribio ya zolpidem na dawa za jamii yake, ulikuta kwamba ukiilinganisha na kidonge bandia kisicho na dawa ndani, mtu huwahi kulala kwa kama dakika 22. Kwa anayegaagaa kitandani usiku wa tatu mfululizo, dakika 22 ni neema. Kwa anayetegemea kupewa saa nane za usingizi mzito, ni kidogo kuliko alivyoahidiwa na wanaomsimulia.

Makosa ya matumizi huanza na saa. Kidonge humezwa mtu akiwa ameshapiga mswaki, ameshafunga milango, yuko kitandani, na mbele yake kuna saa saba au nane za kulala. Anayemeza akiwa sebuleni ili dawa ianze kazi huku yeye akimalizia mambo yake anaweza kujikuta anatuma ujumbe, anakula au anatembea akiwa nusu amelala, na asubuhi hakumbuki chochote. Tumbo lililojaa huichelewesha dawa: aliyetoka kushiba anasubiri, haoni kitu, anaongeza cha pili, halafu vyote viwili vinamfikia kwa pamoja. Kosa jingine ni la saa nane usiku. Mtu ameamka, anameza kidonge kingine kizima, na kengele ya saa kumi na mbili inamkuta dawa bado imemjaa mwilini. Kwa kuamka katikati ya usiku lipo toleo la kuyeyusha chini ya ulimi, miligramu 1.75 kwa wanawake na 3.5 kwa wanaume, na hata hilo linataka ziwe zimebaki angalau saa nne za kulala. Lipo pia toleo linaloachia dawa polepole, la miligramu 6.25 na 12.5. Hilo halikatwi, halisagwi wala halitafunwi, kwa sababu ukilivunja, dozi iliyopangwa kwa usiku mzima inaingia kwa mkupuo mmoja.

Kuhusu kiasi, miligramu 10 bado huandikwa kana kwamba ndiyo dozi ya kila mtu. Mwaka 2013 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishusha dozi ya wanawake kutoka 10 hadi 5, na kwa toleo la polepole kutoka 12.5 hadi 6.25, ikashauri madaktari wafikirie kiasi hicho cha chini kwa wanaume pia. Sababu ilikuwa vipimo vya damu. Saa nane baada ya kumeza miligramu 10, kama wanawake 15 katika kila 100 walikuwa bado na kiasi cha dawa kinachoweza kuharibu uendeshaji wa gari; kwa wanaume walikuwa 3 katika kila 100. Kibaya zaidi, mwenye mabaki hayo kichwani mara nyingi hajioni kama amelewa. Anajiona mzima, anawasha gari. Kwa wazee dozi ni 5, na hata hiyo inafaa kuogopwa, maana safari moja ya chooni usiku kwa miguu isiyo imara inaweza kuishia na nyonga iliyovunjika.

Mwaka 2019 FDA iliiwekea dawa hii, pamoja na eszopiclone na zaleplon za jamii yake, onyo lake kali kabisa, lile linalochapwa ndani ya kisanduku. Lilihusu watu waliotembea, walioendesha magari, waliowasha majiko na kufanya mengine ya hatari wakiwa hawajaamka kikamilifu. Matukio yaliyochunguzwa yalikuwa 66, na 20 kati ya hayo yaliishia kwa kifo. Baadhi yalitokea kwa dozi ndogo na baada ya kidonge kimoja tu. Sharti lake halina mjadala: ikitokea mara moja, dawa inaachwa na hairudiwi. Wa kuulizwa ni anayelala chumba kimoja na mgonjwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe hakumbuki.

Pombe na zolpidem havikutani. Vivyo hivyo dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, kama tramadol na codeine: zote zinapunguza msukumo wa kupumua, na zikikutana mtu anaweza kulala asiamke. Anayekoroma kwa nguvu huku pumzi zikikatika apimwe tatizo hilo kwanza, kabla ya kufikiria kidonge. Dawa ya fangasi ketoconazole hupandisha kiwango cha zolpidem mwilini. Rifampicin ya kifua kikuu hukishusha mpaka kidonge kionekane hakifanyi kazi, na hapo ndipo wengine huongeza dozi bila sababu. Mfamasia aambiwe dawa zote unazotumia, hata zile za mafua.

Sasa usiku wa kuiacha.

Breki inaposaidiwa kila siku, ubongo hupunguza juhudi zake wenyewe. Baada ya wiki chache dozi ileile haifiki palepale, na huo ndio mwili kuizoea dawa. Ukiacha ghafla, dawa inaisha ndani ya saa chache, lakini ubongo unahitaji siku au wiki kurudisha breki zake. Katikati hapo mtu hana dawa wala breki. Usingizi unapotea kuliko hata ulivyokuwa kabla ya kuanza tiba. Aliyetumia wiki mbili au tatu kwa kawaida huipata hali hiyo usiku mmoja au miwili. Aliyetumia miezi na miaka anaweza kukaa nayo wiki kadhaa, na wenzake wakawemo: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, wasiwasi usio na sababu, ndoto za kutisha. Mtaani wanaiita arosto. Kwa waliokuwa wakimeza vidonge vingi kwa usiku mmoja, kukata ghafla kunaweza kuleta degedege, na hiyo ni dharura ya hospitali.

Tatizo kubwa linatokana na jinsi usiku huo unavyosomwa. Mtu analala macho mpaka alfajiri, anasema, "Kumbe bila dawa silali kabisa," anarudi kwenye kidonge, analala, na hitimisho lake linapata ushahidi. Kumbe alichokiona ni kazi ya dawa yenyewe, inayojionyesha kwa kuondoka. Usiku mmoja mbaya wa kuacha haumwambii chochote kuhusu usingizi wake wa asili. Mgonjwa angeelezwa jambo hili siku ya kwanza ya kuandikiwa cheti, kwa maneno haya haya, wengi wasingefika mwaka wa pili. Inasikitisha kwamba maelezo haya ya dakika mbili hayatolewi.

Izingatiwe pia kwamba utegemezi wa mwili hausubiri tabia mbaya. Mtu anaweza kufuata cheti neno kwa neno, asiongeze hata robo, na bado mwili wake ukaitegemea dawa. Dalili za kuwa njia inaelekea pabaya ni za kawaida sana: kuhesabu vidonge vilivyobaki kabla ya safari, kumeza usiku ambao usingizi tayari ulikuwa unakuja, kwenda kwa daktari wa pili ili cheti kisikatike, kukitumia mchana kutuliza wasiwasi. Muda unaoruhusiwa Uingereza ni wiki nne kwa jumla, na wiki hizo zinajumuisha siku za kupunguza.

Kupunguza ndiko wengi wanakoshindwa, na kosa mara nyingi ni la hesabu. Chukua mtu wa miligramu 10 kila usiku kwa mwaka mmoja. Ushauri wa kawaida humpeleka 7.5, kisha 5, kisha 2.5, kisha sifuri. Kwa macho ngazi hizo ziko sawa, kila moja miligramu 2.5. Kwa ubongo haziko sawa hata kidogo: ya kwanza inaondoa robo ya dawa, ya pili theluthi, ya tatu nusu nzima, na ya mwisho yote iliyobaki. Ndiyo maana mtu anashuka vizuri mpaka 5, halafu anaanguka, kisha anaambiwa hana nia. Mwongozo wa pamoja wa vyama vya kitabibu vya Marekani wa mwaka 2025, ulioandikwa kwa ajili ya benzodiazepini, yaani dawa za kutuliza kama diazepam, ambazo ni ndugu wa karibu wa dawa hii, unapendekeza kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi ya wakati huo kila wiki mbili hadi nne, na kutozidi asilimia 25 kwa wiki mbili.

Kwa vitendo, mwombe daktari vidonge vya kawaida vya miligramu 5 na ununue kikata vidonge. Robo ya 5 ni 1.25. Ngazi zinakuwa 8.75, 7.5, 6.25, 5, 3.75, 2.5, 1.25. Ngazi za juu zinaweza kukaa wiki mbili mbili, kuanzia 3.75 kwenda chini zipewe wiki tatu au nne, maana hapo kila robo inauma zaidi. Robo hazitoki sawa na nyingine hupukutika, kwa hiyo kata kidonge kimoja na umalize vipande vyake vyote kabla ya kukata kingine. Ukifika ngazi inayokushinda, kaa palepale. Kurudi juu ni njia ya mwisho. Kuruka usiku, yaani leo unameza na kesho huli, hakumfai aliyekwisha kuitegemea dawa, kwa sababu kila usiku wa kuruka unakuwa arosto ndogo mpya. Aliyekuwa na dozi kubwa sana, mwenye historia ya kifafa, mjamzito au mnywaji wa kila siku asijipunguzie peke yake. Kwa baadhi yao daktari hubadilisha dawa kwenda diazepam, ambayo hukaa mwilini kwa siku kadhaa na hushuka kwa mteremko laini.

Wakati wa kupunguza usingizi unahitaji msaada mwingine, na upo. Chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani, American College of Physicians, kilisema mwaka 2016 kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu ni tiba ya utambuzi na tabia, kabla ya kidonge chochote. Kiini chake kinafanyika nyumbani: andika kwa wiki mbili saa ulizolala kweli, ukikuta wastani ni saa sita, kaa kitandani saa sita tu, usishuke chini ya tano, saa ya kuamka iwe ileile kila siku, ukikaa macho kama dakika 20, toka kitandani mpaka usingizi urudi. Usingizi ukijaza asilimia 85 ya muda huo, ongeza dakika 15 hadi 30. Wiki ya kwanza ina uchovu mkali, na wenye kifafa au maradhi ya hisia kupanda na kushuka wasimamiwe na mtaalamu.

Wanaofikiria kubadili bidhaa tu wajue hawakimbii mbali. Zopiclone hukaa mwilini mara mbili zaidi, huacha uchungu wa chuma mdomoni, na inategemewa vilevile. Temazepam na nitrazepam ni breki ileile. Dawa za mzio zinazosinzisha huzoeleka haraka na huchanganya wazee akili. Suvorexant, lemborexant na daridorexant zinapita njia nyingine, ya kuzuia oreksini, kemikali ya ubongo inayotuweka macho, na kuziacha kunaonekana kuwa rahisi zaidi. Bei na upatikanaji ndiyo vikwazo.

Kwa msiba, kwa maumivu ya muda, kwa wiki mbili za mshtuko, zolpidem ya miligramu 5 tunaipa nyota nne kati ya tano, ikiwa tarehe ya kuacha imeandikwa kwenye cheti kilekile cha kuanzia. Kwa matumizi ya kila usiku bila mwisho tunaipa moja. Vidonge vinavyobaki virudishwe famasia viharibiwe, wala asipewe ndugu anayelalamika halali: miligramu 10 ambazo kwako zilishakuwa za kawaida, kwake ni dozi kamili kwenye ubongo ambao haujawahi kuiona dawa hiyo.