Fensi ya umeme Sinza: inafaa kiasi gani ukiwa umezungukwa na maghorofa

Wengi mmeniuliza kuhusu fensi ya umeme niliyofunga nyumbani, kwa hiyo naandika mara moja, yaishe. Inafanya kazi. Ila fundi hakuambii inaishia wapi.

Kwanza mjue mazingira. Viwanja vya Sinza, hapa Dar es Salaam, vilipimwa miaka ya 1970, kwenye ule mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, vikiwa vya nyumba za kawaida za chini. Vidogo tu. Leo kiwanja cha jirani yangu kimebeba jengo la ghorofa tano, na balkoni zake zinatazama moja kwa moja jikoni kwangu. Sina ugomvi na watu kuishi juu. Mji umejaa, watalala wapi? Kinachonikera ni vyumba kupangishwa kwa siku. Kila jioni sura mpya, hadi mjumbe wetu kaacha kuuliza nani kahamia.

Vibaka walituingilia jengo likiwa bado linapigwa plasta. Walipita kwenye mirunda, wakashukia bati la banda la uani, wakaondoka na mtungi wa gesi na simu ya mpangaji. Mlinzi wa saiti eti hakuona kitu. Ndipo nikaita fundi wa fensi.

Sh 1,900,000 kuzunguka kiwanja: nyaya sita, mashine, betri ya volti 12, king'ora na vibao vya onyo. Kazi ya kijana ni safi, nguzo zimenyooka. "Mama, hii haiui, inamrusha tu mtu," aliniambia. Ndivyo ilivyoundwa: mashine inatuma mpigo wa umeme kila baada ya sekunde moja hivi, volti elfu kadhaa lakini kwa muda mfupi mno. Waya ukikatwa, king'ora kinalia. TANESCO wakikata, betri inaendelea. Kwenye Luku sijaona tofauti ya maana.

Sasa kero zake. Masika, matawi ya mwembe yakilowa yanalalia waya, king'ora kinapiga kelele saa nane usiku, mtaa mzima macho. Siku hizi kikilia hakuna hata anayechungulia. Kiangazi nako udongo unakauka, ethi, yaani sehemu inayounganisha mashine na ardhi, inakuwa dhaifu na mpigo unapungua. Inabidi nimwagie maji pale fito zake zilipozikwa. Hilo nilielezwa na fundi mwingine kabisa. Halafu jirani wa upande wa pili naye akaanza kuchimba msingi wa ghorofa lake, ukuta ukapata ufa, nguzo ya kona ikalegea na nyaya zikaning'inia. Tangu lile jengo la Kariakoo lianguke Novemba 2024, ufa wa ukutani hauniachi nilale, achilia mbali fensi.

Lakini kubwa zaidi ni hili: fensi inamzuia anayepanda kutoka chini. Anayeshuka kutoka balkoni ya ghorofa ya kwanza anapita juu ya nyaya zote sita bila kuzigusa. Aliyeziba pengo hilo ni fundi wa kuchomelea, aliyefunika uani kote kwa grili ya nondo za milimita 12 kwa Sh 850,000. Tunaonekana kama tumo kwenye tundu la kuku, lakini nguo zinalala kambani. Nilisisitiza aweke mlango wenye komeo la ndani lisilohitaji funguo, maana moto ukizuka sitaki tuanze kutafutana.

Fensi naipa nyota tatu kati ya tano, grili nne. Kama majirani zako wote bado wana nyumba za chini, fensi peke yake inatosha. Kama kuna ghorofa ubavuni, au umeona lori la mchanga likimwaga hapo, anza na grili. Na kabla hujamaliza kumlipa fundi wa fensi, mwambie apime volti kwenye kona iliyo mbali zaidi na mashine, ukiwa umesimama naye. Wangu alipimia palepale kwenye mashine.