piwheels: mkombozi wa Raspberry Pi za biti 32, ila Python yako ilingane nayo

Wadau wa Raspberry Pi, hii huduma ya piwheels, inayotoa paketi za Python zilizokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kuwa faili tayari kutumika) kwa ajili ya kompyuta hizi ndogo, wengi wanaitumia bila kujua, maana Raspberry Pi OS ya biti 32 inakuja nayo kabisa kwenye /etc/pip.conf, we unaandika pip install numpy (pip ni kisakinishi cha paketi za Python, numpy ni paketi ya hesabu) na muda si mrefu kitu kimeingia. Sasa jaribu kuitoa ile laini ya extra-index-url, inayoielekeza pip kwenye piwheels, kwenye Pi Zero uone. PyPI yenyewe, ghala kuu la paketi za Python, paketi nyingi haina faili tayari la prosesa ya ARMv6, kwa hiyo pip inashusha kodi ghafi na kuanza kuikompaili palepale, memori MB 512 tu, masaa yanakatika halafu mwisho unaona neno Killed, yaani mfumo umeiua kazi kwa kuishiwa memori. Hapo ndo utajua jamaa wanatufanyia kazi kubwa kiasi gani, tena bure.

Nachoipendea zaidi ni kwamba faili zao zinakompailiwa kwa ARMv6, zinapiga kazi kwenye Zero na kwenye Pi 3 vilevile. Ukijenga mwenyewe kwa kompaila ya Debian ya kawaida, ambayo armhf yake (toleo lake la ARM ya biti 32) ni ARMv7, ukapeleka kwenye Zero, utapata Illegal instruction na programu inakufa bila maelezo mengine.

Kasoro iko kwenye matoleo ya Python, na hapa ndo watu wanaumia sana. Wanajenga kwa ile Python inayokuja na toleo la OS, yaani Bullseye ni 3.9, Bookworm ni 3.11. Ukiwa Bookworm ukajiwekea 3.12 kwa pyenv (zana ya kuweka matoleo mengine ya Python), pip ikikosa faili la 3.12 haikuulizi kitu, inaanza kukompaili kimyakimya na we unadhani intaneti iko slo. Soma jina la faili: cp311 ni Python 3.11, linux_armv6l ni prosesa, kimoja kisipolingana na chako basi. Komandi ya pip debug --verbose inakuonyesha majina yote ambayo mashine yako inayakubali, anzia hapo kabla hujagusa kitu kingine.

Na uname -m msiiamini sana, Pi 4 yenye OS ya biti 32 siku hizi inawasha keneli ya biti 64 kwa hiyo inasema aarch64 wakati programu zote ni za biti 32. Tumia dpkg --print-architecture, ikikwambia armhf ujue piwheels inakuhusu, ikisema arm64 haikuhusu, huko PyPI yenyewe ina faili nyingi tayari, na mwenye Pi 4 yenye memori ya kutosha namshauri aende kwenye OS ya biti 64 tu.

Kingine, numpy inaweza kuingia vizuri halafu ukiiimpoti inalalamika maktaba ya libopenblas haipo au libcblas haipo. Haijaharibika. Kila paketi ina ukurasa wake kwenye tovuti yao, wameandika kabisa ni maktaba gani uongeze kwa apt, hili wamelifanya vizuri mno.

Kwa Zero ushauri wangu baki na Python ya mfumo, tengeneza venv (mazingira ya pekee ya paketi zako) kutoka hiyohiyo, na ongeza --only-binary=:all: kwenye pip, kama faili halipo itagoma palepale na utajua mapema.