Vikao tisa vya fiziotherapia: mguu umepona, kiuno bado tunadaiana

Naendesha lori Dar–Tunduma, huu mwaka wa 14. Kiuno kuuma nilishazoea, dereva gani hakimuumi? Mwaka jana maumivu yakaanza kushuka: tako la kushoto, nyuma ya paja, pembeni ya kigimbi, mpaka kidole gumba cha mguu kikafa ganzi. Kila tuta pale Mikumi lilinipiga shoti hadi unyayoni. Na huo ndio mguu wa klachi.

Mahali nilipoanzia tiba sitapataja. Nililala chini ya taa nyekundu, nikabandikwa vidude vya umeme vinavyotekenya, dakika 40, lipa, nenda. Mara kumi! Raha ilikuwepo nikiwa kitandani. Nikifika kituo cha daladala maumivu yameshanisubiri. Hakuna hata siku moja niliyoambiwa nivue viatu.

Mahali pa pili ni kliniki ndogo ya dada mmoja wa fiziotherapia. Picha yangu ya MRI, inayoonyesha diski (kile kitakio kati ya pingili za mgongo) imevimba na kugusa mshipa wa fahamu, aliiweka pembeni kwanza. Akauliza: kukaa na kusimama, kipi kinakuumiza zaidi? Haja ndogo unaihisi vizuri? Sehemu za siri zina ganzi? Niliona aibu, ila akanieleza kwamba ukiona dalili hizo za mwisho usije kwake, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo, maana mishipa inaweza kuharibika moja kwa moja.

Kisha akashika vidole gumba vyangu, akasema nivivute juu huku yeye anavisukuma chini. Cha kulia kilimshinda. Cha kushoto kikalala kama cha mtoto mchanga. Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na ile picha. Akaitoa pia pochi yangu mfuko wa nyuma, ambayo nimeikalia miaka yote hii kilomita 900 na ushee kila safari.

Tiba yenyewe ukiiona utasema umeibiwa. Unalala kifudifudi. Unainuka kwa viwiko. Baadaye unanyoosha mikono kifua kipande juu, nyonga zibaki chini. Mara kumi, halafu unarudia kila baada ya saa mbili au tatu. Njia hii ilianzishwa na Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand. Mwaka 1956 mgonjwa wake mmoja alijilaza kifudifudi kwenye kitanda kilichoinuliwa upande wa kichwa, akaamka mguu umetulia.

Wiki ya pili nilirudi nimenuna. Mguu kimya, lakini kiuno kinawaka kuliko mwanzo. Nikamwambia, daktari, umeniharibu. Akacheka. "Mimi si daktari, baba. Na hicho ndicho ninachokitafuta." Kumbe maumivu yakitoka mguuni na kupanda kuelekea uti wa mgongo, ni dalili njema, hata kama kiuno kitapiga kelele kwa muda. Yakizidi kushuka mguuni, unaacha zoezi hilo na kumwambia. Hili ningelijua mapema nisingekaa siku tatu nikijiona nakwenda kupooza.

Ila usinakili mazoezi yangu. Mzee tuliyekuwa tunapishana naye mlangoni, uwazi wa uti wake wa mgongo umebana, yeye alipewa ya kuinama mbele, kinyume kabisa na yangu.

Malalamiko ninayo. Kliniki ya wagonjwa wa mgongo iko ghorofa ya pili na lifti hakuna. Mara ya kwanza nilipanda ngazi kwa makalio. Miadi ya saa tatu unaingia saa nne na nusu. Kikao shilingi 30,000, bima yangu ikakataa, nikalipa mfukoni vyote tisa. Hata hivyo kuanzia kikao cha sita alinirefushia nafasi hadi wiki mbili, akasema kazi iliyobaki ni yangu. Yule wa kwanza angenikatia risiti mpaka leo.

Kidole gumba kimepata nguvu, ganzi imebaki kidogo nchani. Siku hizi nikifika Ruaha Mbuyuni natandika mkeka kando ya tairi, nalala kifudifudi. Juzi mama muuza vitunguu akamuuliza utingo wangu kama bosi wake amezimia.

"Mwache," akamjibu, "anapandisha maumivu."