Saa ya kazi ngumu Uganda: kwa nini nimebaki na Casio DW-5600E

Wengi wakitafuta saa ngumu huanza na swali la kuanguka: nikiidondosha kwenye mwamba, itapona? Kwa hapa Uganda swali hilo ningeliweka la tatu au la nne. Saa nyingi zilizokufa ambazo nimezifungua ziliuawa na maji, na maji hayo yaliingia wiki chache baada ya saa kubadilishiwa betri kando ya barabara. Ndiyo maana tathmini hii naianzia nyuma ya saa, kwenye kifuniko, halafu nitakuja usoni.

Ninayoivaa ni DW-5600E, ile ya mraba ya G-Shock, ukoo wa saa ngumu za Casio. Uzito wake ni gramu 53, kioo ni cha madini, kinga ya maji ni bar 20 (ndiyo ile inayoandikwa mita 200), na ganda pamoja na mkanda ni rezini, aina ya plastiki. Haina dira, altimita (kipima mwinuko) wala sola. Inakupa saa, tarehe, alamu moja, stopuwochi na kipima muda cha kuhesabu kurudi nyuma. Hupoteza au kuongeza sekunde 15 kwa mwezi, si zaidi. Toleo jipya, DW-5600UE, lina taa ya LED na betri ya takriban miaka 5 badala ya 2. Ukiliona dukani kwa bei ileile, chukua hilo.

Ukoo huu ulianza mwaka 1983 na DW-5000C ya mhandisi Kikuo Ibe, aliyetaka saa ihimili kuanguka mita 10, maji ya bar 10, na betri ya miaka 10. Watu hudhani siri ni unene wa plastiki. Siri ni kwamba mashine ya ndani inaelea: haikukazwa moja kwa moja kwenye ganda, imeshikiliwa sehemu chache tu zenye kitu laini, kwa hiyo pigo linaishia njiani kabla ya kuifikia. Nalisema hili mapema kwa sababu hivyo vitu laini ndivyo fundi mwenye haraka anavyovitupa.

Sasa betri. Ni CR2016, na jina lenyewe ni kipimo: milimita 20 upana, milimita 1.6 unene. Inatumika kwenye saa nyingine nyingi, kwa hiyo utaipata Kampala, Mbale, Kasese, hata kwenye miji midogo. Kabla haijaisha hutoa dalili: ukiwasha taa tarakimu zinafifia, kisha mlio unakatika. Fundi akiikosa atakushauri CR2025 kwamba ni sawasawa. Si sawasawa. Hiyo ni nene kwa milimita 0.9 zaidi, ataisukuma ikae, kifuniko kitabaki kimebenuka kwa unywele, na hapo bar 20 zako zimekwisha.

Simama karibu na fundi wakati anafungua. Saa ioshwe kwanza, maana mchanga ulio kwenye skrubu utaingia ndani. Skrubu ni 4 ndogo za nyota, na bisibisi isiyolingana itazila vichwa. Chini ya kifuniko kuna kipande laini cha kulinda mashine, na kuna springi ndogo kuliko punje ya mchele inayogusa kifuniko. Ikipotea, saa itaendelea vizuri kabisa ila haitalia tena, na utadhani alamu imeharibika. Betri mpya ikishakaa, kibano cha chuma kiguse kwa pamoja alama ya AC iliyo kando na upande wa juu wa betri, sekunde 2 zinatosha. Hatua hii wengi hawaijui. Ikirukwa, kioo kinaweza kubaki kitupu au kuonyesha alama za ajabu, halafu unaambiwa mashine imeungua.

Kisha ule mpira mwembamba unaozunguka kifuniko. Utolewe, ufutwe, uangaliwe. Ukiwa umelala bapa kama tambi iliyokanyagwa, au una ufa, badilisha. Ukiwa mzima, paka grisi ya silikoni kidogo sana, ung'ae tu. Mafuta ya kujipaka na mafuta ya injini hayafai, kwani yanayotokana na petroli huvimbisha baadhi ya mipira. Urudishwe kwenye mfereji wake bila kubanwa popote, na skrubu zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, kama nati za gurudumu. Baada ya hapo itumbukize kwenye beseni la maji nusu saa kabla hujaipeleka mtoni. Ukungu ukitokea chini ya kioo, irudi kwa fundi siku hiyohiyo, kabla kutu haijaanza.

Namba za maji zilizoandikwa kwenye saa zinadanganya wasomaji wengi. Mita 30 haina maana unaweza kuzama mita 30. Ni kipimo cha shinikizo la maji yaliyotulia. Iliyoandikwa mita 30 ichukulie kama ya kunawa mikono na mvua. Mita 50, kuogelea taratibu. Mita 100 inafaa kwa ziwani. Kwa mawimbi makali ya Nile pale Jinja, ambako mashua ya mpira (raft) ikipinduka maji yanakupiga kutoka kila upande, nataka 200. Na hata hiyo 200, usibonyeze vitufe ukiwa majini, na usiitoe kwenye jua kali ikiwa ya moto ukaitumbukiza ghafla kwenye maji baridi: hewa ya ndani inanywea na kuvuta unyevu kupitia mpira wowote uliochoka.

Matope yana adabu yake. Vitufe vikiwa vimejaa udongo, usivibonyeze ili "vijisafishe". Unasukuma mchanga kwenye mpira wa ndani. Loweka, piga mswaki laini kuzunguka vitufe, suuza, ndipo ubonyeze. Nafanya hivyo kila nikitoka njiani na ni kazi ya dakika 2.

Sasa niwaudhi wapenzi wa saa zenye vihisi. Pro Trek ya Casio, Garmin Instinct na jamaa zao ni saa nzuri, na altimita ina kazi yake Rwenzori. Lakini uelewe inachopima. Haipimi urefu, inapima shinikizo la hewa kisha inakisia urefu kwa hesabu ya hewa ya kawaida ya kimataifa, ambayo ni nyuzi 15 usawa wa bahari na inapoa kwa 6.5 kila mita 1,000. Hewa yetu ya ikweta ina joto kuliko hiyo. Matokeo yake altimita inapunja: ukipanda mita 1,000 za kweli, itakuonyesha 950 hivi. Kutoka geti la Nyakalengija, unapoanzia kupanda Rwenzori, hadi kambi ya Nyabitaba, mita 2,651, tayari utakuwa umepungukiwa. Dawa ni kuirekebisha kila kambi kwa urefu unaojulikana, hadi kambi ya Elena, mita 4,541, kabla ya kwenda kilele cha Margherita, mita 5,109. Mwenye saa ya laki kadhaa anayegoma kuirekebisha atabishana na kilele.

Kuna jambo la pili ambalo vitabu vya maelezo havilisemi kwa sauti. Karibu na ikweta shinikizo la hewa hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa saa zake, hata anga ikiwa safi: linafika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, linashuka mpaka chini saa kumi jioni na saa kumi alfajiri. Tofauti ni hektopaskali 3 hivi, na kwa urefu wa Kampala hiyo ni karibu mita 30. Saa iliyolala mezani itakuambia imepanda kilima tangu asubuhi. Kwa sababu hiyohiyo mshale wa barometa (kipima shinikizo la hewa) unaoelekea chini kila alasiri haumaanishi dhoruba, na king'ora cha dhoruba kilichotengenezewa nchi za baridi ama kitalia bure ama kitakaa kimya huku radi ikikuangukia. Mawingu ya Elgon yatazame kwa macho. Ukurasa wa kuchomoza na kuzama kwa jua nao sina la kuusemea, kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima.

Kihisi cha joto kinasoma mkono wako. Vua saa, iache kivulini dakika 20 hadi 30, ndipo usome.

Saa za GPS zina tatizo moja tu kubwa, chaja. Safari ya miguu ya mzunguko wa kati wa Rwenzori ni kama wiki nzima, na waya wa saa hizi ni wa pekee. Ukiusahau, mwenye simu hawezi kukuazima. Ukichukua Instinct, beba pia betri ya akiba na uizime GPS ukiwa kambini.

Sola inavutia zaidi, na kama ningebadilisha saa leo ningefikiria GW-M5610, G-Shock ya sola yenye umbo lilelile. Ila usilipie zaidi kwa ajili ya kupokea mawimbi ya redio ya kurekebisha saa. Kituo cha Mainflingen, Ujerumani, kinachorusha mawimbi hayo, kiko zaidi ya kilomita 5,000 kutoka hapa na vingine viko mbali vilevile, kwa hiyo hapa haitajirekebisha yenyewe. Zima upokeaji wa usiku, haukusaidii. Betri yake ni CTL1616 ya kuchajiwa, na maduka mengi hayana. Fundi akikuwekea CR1616 ya kawaida, ambayo haichajiwi, inaweza kuvimba na kuvuja ndani. Kwa saa hizi zenye orodha ya miji ya kuchagua majira, chagua JED, yaani Jeddah, iliyo saa 3 mbele ya UTC (saa ya kimataifa) kama sisi, na DST, yaani saa ya majira ya joto, iwe imezimwa.

Otomatiki za Seiko, zinazojijaza kwa mwendo wa mkono, nazipenda kwa kanisani. Kwa kufyeka kwa panga au bodaboda kwenye barabara ya murram siku nzima, sizishauri: mtikisiko wa kila siku hulegeza skrubu ya ile nusu duara inayozunguka ndani, na kupotea kwa sekunde kadhaa kwa siku ni kawaida yake. Saa ya mishale ina raha moja ya Kiswahili, lakini: mshale mfupi ukiwa kwenye 7, tazama upande wa pili wa uso, ni saa moja. Ya tarakimu inakulazimisha kutoa sita kichwani.

F-91W ya Casio, gramu 21, ni nafuu na betri yake ya miaka 7 ni CR2016 ileile. Kwa shamba na shule inatosha. Kinga yake ya maji ni ya matone tu, usiipeleke Nile.

Rangi ya uso ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Tarakimu nyeupe kwenye uso mweusi zinapendeza dukani, ila ndani ya msitu wa Bwindi saa kumi na moja jioni huzioni bila taa. Chukua tarakimu nyeusi kwenye uso mwepesi.

Dawa ya mbu yenye kemikali ya DEET inakula plastiki nyingi: jipake, nawa viganja, kisha vaa saa. Petroli ni adui pia. Na rezini yenyewe ina umri. Joto na unyevu vinaivunja polepole, baada ya miaka mingi mkanda unakatika kama biskuti. Kabla ya safari ukunje kwenye matundu. Ukiona nyufa, badilisha. Ngozi inaoza kwa jasho. Nailoni inayopita chini ya saa nzima ni salama, maana pini moja ikichomoka saa inabaki mkononi. Mkanda wa madoadoa ya kijeshi uache dukani, sheria ya hapa haina mzaha na raia wenye vitu vya jeshi.

Kasoro za DW-5600E ninazozijua: mlio ni hafifu, huusikii ukiwa na koti na mvua juu ya bati, alamu ni moja tu, taa hukaa muda mfupi na kuila betri.

Za bandia zimejaa mjini. Saa inayouzwa kwa bei ya rolex mbili, hizi zetu za chapati na mayai, haiwezi kuwa G-Shock. Geuza nyuma: DW-5600E ina kifuniko cha chuma chenye skrubu 4, namba ya mashine ndani ya kisanduku kidogo, na maandishi yaliyochongwa yasiyofutika kwa ukucha. Neno China peke yake si ushahidi, Casio hutengeneza huko na Thailand pia. Bonyeza kila kitufe; cha bandia mara nyingi kinafanya kazi ya mwenzake au hakifanyi lolote, na taa yake hutoka kona moja kali kama tochi, wakati ya DW-5600E huenea uso mzima kwa rangi ya kijani-buluu. Kwa F-91W, shikilia kitufe cha chini kulia sekunde 3: halisi inaandika CASIo kwenye kioo.